Sukari Katika Damu ya Mgonjwa Mahututi

Mwaka 1849, katika maabara ya Collège de France mjini Paris, Claude Bernard alimchoma sungura sindano nyembamba kisogoni, akaisukuma mpaka ikagusa sakafu ya chemba ya nne ya ubongo, kisha akaichomoa. Sungura huyo hakupewa sukari wala chakula kitamu. Hata hivyo, muda si mrefu mkojo wake ulikuwa na sukari kama mkojo wa mtu mwenye kisukari, na baadaye hali hiyo ikaondoka yenyewe.

Bernard hakuwa mtu wa kushangaa akaishia hapo. Mwaka mmoja kabla yake alikwisha kuonyesha kwamba damu ya mnyama ina sukari hata asipokula chochote kitamu, na kwamba sukari hiyo inatoka kwenye ini. Wakati ule wanasayansi wengi waliamini kuwa mimea peke yake ndiyo inayotengeneza sukari, na wanyama kazi yao ni kuiteketeza. Mwaka 1857 akafanikiwa kutenga kutoka kwenye ini ile akiba ya sukari tunayoiita glaikojeni. Na katika mihadhara yake ya mwisho kuhusu kisukari, iliyochapishwa mwaka 1877, alieleza jambo jingine: mnyama anayetokwa na damu nyingi, sukari katika damu inayobaki hupanda. Mwaka uliofuata alifariki, na Ufaransa ikamzika kwa heshima za kitaifa ambazo mwanasayansi hakuwahi kupewa kabla yake.

Katika matokeo hayo ya Bernard ndimo ilimoanzia historia ya maneno ambayo ndugu wengi huyasikia kwa mara ya kwanza mlangoni pa chumba cha wagonjwa mahututi: mzee wenu sukari imepanda. Nao hujibu kwamba mzee hana kisukari na hajawahi kuwa nacho. Mara nyingi pande zote mbili husema kweli. Mtu aliyepata ajali mbaya, aliyepasuliwa moyo, aliyeungua, aliyepigwa na kiharusi au aliyelemewa na maambukizi ya damu anaweza kukutwa na sukari ya milimoli 12 au 15 kwa lita ilhali wiki iliyopita alikuwa na 5. Imewachukua madaktari zaidi ya karne moja na nusu kuelewa maana ya kupanda huko, na sehemu kubwa ya muda huo walikuwa wakiuliza swali ambalo ni rahisi kulitamka na gumu mno kulijibu: tuishushe, au tuiache?

Aliyeendeleza kazi ya Bernard kwa namna ya kupendeza zaidi ni Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1911 yeye na wenzake waliwafunga paka wasiweze kukimbia, wakamleta mbwa awabwekee. Paka hawakuumizwa. Lakini sukari, ambayo haikuwemo katika mkojo wao, ikaonekana. Cannon akageukia binadamu. Wanafunzi tisa wa udaktari walipimwa baada ya mtihani mgumu, na wanne wakakutwa na sukari kwenye mkojo. Wachezaji 25 wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani walipimwa mara baada ya mechi ya mwisho na kubwa kuliko zote ya msimu wa 1913. Kumi na wawili walikuwa na sukari, na watano kati ya hao walikuwa wachezaji wa akiba ambao hawakuingia uwanjani kabisa. Hofu na msisimko vilitosha. Tezi za adrenali, zile ndogo zinazokaa juu ya figo, zilikuwa zimemwaga adrenalini, na ini likafungua ghala lake ili misuli ipate nguvu ya kupigana au kukimbia.

Kwa Cannon, basi, sukari iliyopanda ilikuwa msaada. Mwili hufanya hivyo ili upone. Wazo hilo lilikaa vichwani mwa madaktari kwa miaka mingi, na halikuwa wazo la kipumbavu.

Baada yake akaja David Cuthbertson, mkemia wa tiba huko Glasgow, Uskoti. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 alifuatilia watu waliovunjika mifupa mirefu ya miguu, akipima siku baada ya siku walichokula na walichotoa. Aliona wanapoteza naitrojeni nyingi kwenye mkojo, zaidi ya ile ambayo ingeweza kutoka mahali palipovunjika. Ilikuwa ikitoka kwenye misuli ya mwili mzima, hata mikono iliyo salama. Mwaka 1942 alieleza kwamba jeraha kubwa hufuatwa na vipindi viwili, akavipa majina ya bahari: kupwa na kujaa. Wakati wa kupwa, saa za mwanzo, mwili hupoa na kupunguza matumizi yake. Wakati wa kujaa, unaodumu siku nyingi au hata wiki, joto hupanda, misuli huvunjwavunjwa, na ini hutumia vipande vya misuli hiyo kutengeneza sukari mpya usiku na mchana.

Leo tunajua zaidi kuhusu kinachoendesha kazi hiyo. Ubongo huamuru tezi za adrenali kutoa kotisoli na adrenalini. Kongosho hutoa glukagoni. Seli za kinga humwaga kemikali zinazochochea uvimbe na homa. Vyote hivyo huliambia ini jambo moja, yaani kutoa sukari. Wakati huohuo huifanya misuli na mafuta ya mwilini kutoitikia insulini. Insulini ipo, pengine hata nyingi kuliko kawaida, lakini wito wake hauitikiwi. Mgonjwa wa namna hii ana sababu tofauti kabisa na kijana wa miaka 14 aliyechomwa insulini mjini Toronto mwezi Januari 1922, wa kwanza kuokolewa kwa ugunduzi wa Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Yule kongosho lake lilikuwa limekoma kutoa insulini. Huyu wa kitanda cha mahututi anayo, ila mwili wake umeamua, kwa muda, kutoisikiliza.

Lakini kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu jambo hili halikuwa na uzito wa tiba, kwa sababu moja ya kusikitisha. Watu waliougua kiasi hicho walikuwa wanakufa mapema, kabla sukari haijapata muda wa kuwadhuru.

Lililobadilisha hali hiyo lilitokea Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Ugonjwa wa polio uliingia mjini humo kwa ukali usio wa kawaida. Katika wiki tatu za mwanzo, hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa 31 walioshindwa kupumua. 27 wakafa, ingawa waliwekwa kwenye mashine zilizokuwepo. Akaitwa Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi. Tarehe 27 Agosti alimshughulikia binti wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho: koo likatobolewa, mrija ukaingizwa kwenye njia ya hewa, na hewa ikasukumwa mapafuni kwa kubinya mfuko wa mpira kwa mkono. Akaishi. Kwa kuwa hapakuwa na mashine za kutosha, wanafunzi wapatao 1,500 wa udaktari na wa tiba ya meno waliitwa wakae kando ya vitanda kwa zamu, mchana na usiku, wakibinya mifuko hiyo kwa miezi. Vifo vikashuka kutoka karibu tisa katika kila kumi hadi karibu robo. Desemba 1953 Ibsen akafungua, katika hospitali nyingine ya mji huohuo, chumba maalumu kwa wagonjwa walio hatarini zaidi. Vyumba vyote vya wagonjwa mahututi duniani, vikiwemo vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ni watoto wa chumba kile.

Kuanzia hapo binadamu akaanza kuishi katika hali ambayo haikuwahi kuwepo: wiki nzima, au mwezi mzima, kati ya uhai na mauti, akipumua kwa mashine, akilishwa kwa mrija au kwa dripu. Sukari iliyokuwa imepangiwa saa chache za kupigana au kukimbia sasa ilidumu siku 20. Miili yetu haikuumbwa ikikitarajia chumba cha Ibsen.

Upimaji nao ulikuwa unabadilika. Zamani damu ilipelekwa maabara na majibu yakarudi baada ya muda mrefu. Mwaka 1965 kampuni ya Ames ilitoa vijiti vya karatasi vinavyobadilika rangi kwa tone la damu, na mwaka 1970 ikatoa mashine ya kuvisoma, nzito, yenye uzito wa zaidi ya kilo. Polepole ikawezekana muuguzi ajue sukari ya mgonjwa akiwa kando ya kitanda. Palipowezekana kupima kila saa, pakawa na tamaa ya kurekebisha kila saa.

Bado, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, desturi katika vyumba vingi ilikuwa kuiacha sukari hadi ivuke milimoli 12 kwa lita, yaani miligramu 215 kwa desilita, ndipo insulini ianzishwe. Hoja ilikuwa ile ya Cannon: ubongo na chembe nyeupe za damu hutumia sukari bila kungoja insulini, na mgonjwa anahitaji vyote viwili.

Dalili za kwanza kwamba hoja hiyo ina kasoro zilitoka kwa wagonjwa wa moyo. Nchini Sweden, utafiti uliotangazwa mwaka 1995 ulihusisha watu 620 waliopata shambulio la moyo, wengi wao wenye kisukari. Waliopewa insulini kwa dripu na kuendelea nayo walikufa asilimia 18.6 ndani ya mwaka mmoja. Wengine asilimia 26.1. Huko Portland, Marekani, daktari wa upasuaji Anthony Furnary alifuatilia wagonjwa 2,467 wa kisukari waliopasuliwa moyo. Baada ya kubadili sindano za mara kwa mara kwa dripu ya insulini, maambukizi ya ndani ya kidonda cha kifua yalishuka kutoka asilimia 2.0 hadi 0.8. Sukari ya juu huzidhoofisha chembe nyeupe zinazokamata bakteria, na kidonda kilichofunguliwa katikati ya kifua hakivumilii udhaifu huo.

Ndipo tunapofika Leuven, Ubelgiji.

Greet Van den Berghe alikuwa daktari wa wagonjwa mahututi aliyetumia miaka mingi kuchunguza homoni zao. Alitaka kujua jambo ambalo wengi waliona halina haja ya kuulizwa: vipi ikiwa sukari ya mgonjwa mahututi, awe na kisukari au la, itarudishwa kwenye kiwango cha mtu mzima wa afya? Februari 2000 alianza. Wagonjwa wa chumba cha mahututi cha upasuaji waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilitunzwa kwa desturi ya zamani, insulini baada ya 12. Kundi la pili lilitakiwa kukaa kati ya milimoli 4.4 na 6.1, ukanda mwembamba sana. Wauguzi walichota damu kutoka mshipa wa ateri kila saa moja hadi nne, wakaongeza au kupunguza insulini kwenye pampu, wakachota tena. Kazi yote ilikuwa mikononi mwao, na sioni utafiti mwingine wa zama hizo ambao uhai wa mgonjwa ulitegemea kwa kiasi kile umakini wa muuguzi wa zamu ya usiku.

Januari 2001, wagonjwa wakiwa wamefika 1,548, utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa tofauti ilikuwa kubwa. Katika kundi la desturi walikufa chumbani humo 63 kati ya 783, yaani asilimia 8.0. Katika kundi la insulini nyingi walikufa 35 kati ya 765, asilimia 4.6. Maambukizi ya damu yalipungua kwa asilimia 46, na figo kufeli kiasi cha kuhitaji mashine ya kusafisha damu kulipungua kwa asilimia 41. Makala ilitoka Novemba 2001 katika jarida la *The New England Journal of Medicine*.

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hakuwa katika taaluma hiyo jinsi habari ile ilivyopokelewa. Kwa miongo, dawa mpya za maambukizi ya damu zilikuwa zimejaribiwa moja baada ya nyingine zikishindwa. Na hii hapa dawa ya mwaka 1922, ya bei nafuu, iliyoko katika kila duka la dawa la hospitali, inaokoa watu zaidi ya watatu katika kila mia. Mwaka 2004 vyama vya wataalamu vilianza kuandika sukari ya chini katika miongozo yao. Wataalamu wa homoni wa Marekani walipendekeza isizidi 6.1 katika chumba cha mahututi. Hospitali kutoka bara hadi bara zilichapisha majedwali ya insulini na kuyabandika ukutani.

Mimi siwalaumu waliofanya hivyo. Waliona vifo vikipungua, na hakuna daktari mwenye utu anayeweza kukaa na takwimu kama ile akangoja miaka minane. Lakini baadhi ya mambo yalikuwa wazi kwa msomaji mtulivu tangu siku ya kwanza. Ilikuwa hospitali moja. Asilimia 63 ya wagonjwa walitoka kupasuliwa moyo, wengi wao watu ambao wangepona na kurudi nyumbani haraka. Waliotoa tiba walijua nani yuko kundi gani, maana insulini ya namna hiyo haifichiki. Na siku ya kwanza wagonjwa walipewa kwa mshipa glukosi ya gramu 200 hadi 300, nyingi kuliko desturi ya nchi nyingine, kisha wakaingia kwenye lishe ya dripu mapema. Je, insulini ilikuwa inatibu ugonjwa, au ilikuwa inatibu pia ile sukari waliyomiminiwa? Na kulikuwa na namba moja ndogo ambayo wengi waliipita haraka: wagonjwa 39 wa kundi la insulini nyingi sukari yao ilishuka chini ya 2.2. Katika kundi jingine walikuwa sita.

Mwaka 2006 Van den Berghe alirudia kazi yake kwa wagonjwa 1,200 wa magonjwa ya ndani, wasio wa upasuaji. Vifo vilikuwa asilimia 37.3 dhidi ya 40.0, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Sukari kushuka mno sasa kuliwapata asilimia 18.7. Ujerumani, utafiti wa hospitali 18 kwa watu wenye maambukizi makali ya damu ulikatishwa baada ya wagonjwa 537 kwa kuwa insulini ilikuwa inawaangusha: asilimia 17.0 walishuka mno, dhidi ya 4.1. Utafiti mwingine wa nchi kadhaa za Ulaya nao ulisimama kabla ya kukamilika.

Sukari ikishuka, ubongo hukosa mafuta yake. Mtu aliye macho hutetemeka, hutoka jasho, husikia njaa ya ghafla, huanza kusema maneno yasiyoeleweka. Jirani humpa chai yenye sukari na akapona. Mgonjwa aliyelazwa usingizi wa dawa, mwenye mrija kooni, hana namna ya kuonyesha lolote kati ya hayo. Anaweza kukaa kwenye 1.8 kwa saa nzima huku uso wake ukiwa vilevile. Yote hutegemea kipimo, na kipimo chenyewe kinaweza kudanganya. Tone la damu la kidoleni kwa mgonjwa mwenye presha ya chini sana na vidole vilivyovimba halilingani daima na damu ya ateri, na upungufu wa damu hufanya mashine nyingi za mkononi zisome juu kuliko ukweli. Leuven walitumia damu ya ateri na mashine sahihi. Hospitali nyingi zilizoiga tiba yao hazikuiga upimaji wao.

Wakati hayo yakiendelea, kundi la watafiti wa Australia, New Zealand na Kanada lilikuwa likifanya kazi ya subira. Likiongozwa na Simon Finfer wa Sydney, lilikusanya wagonjwa 6,104 katika hospitali 42, kuanzia mwishoni mwa 2004 hadi 2008, na kuuita utafiti wao NICE-SUGAR. Kundi moja lililengwa kati ya 4.5 na 6.0, la pili sukari iachwe hadi 10. Machi 2009 majibu yakatoka, katika jarida lilelile lililochapisha kazi ya Leuven. Ndani ya siku 90 walikuwa wamekufa 829 wa kundi la sukari ya chini, asilimia 27.5, na 751 wa kundi la pili, asilimia 24.9. Kwa kila wagonjwa 1,000 waliorudishiwa sukari ya mtu mwenye afya, 26 zaidi walikufa. Sukari ilishuka mno kwa asilimia 6.8 ya kundi la kwanza, na nusu asilimia tu ya kundi la pili.

Kwa miaka minane, katika vyumba visivyohesabika, watu wema walikuwa wamefanya kwa bidii kazi iliyowaua baadhi ya wagonjwa wao. Hakuna aliyekusudia. Wala hakuna ambaye angeweza kuiona kwa macho yake, maana vifo 26 katika 1,000 haviwezi kuonekana na daktari anayetibu wagonjwa 200 kwa mwaka, ambao wengi wao wangeweza kufa hata hivyo. Zilihitajika nchi kadhaa na kura 6,104.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulielewa jambo hili kwa undani, kwa kuwa moja ya tafiti kubwa za namna hiyo ilifanyika kwetu. Mwaka 2011 ulitangazwa utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo. Vitabu vyote vilisema mtoto wa namna hiyo aongezewe maji kwa haraka kwa dripu. Waliofanyiwa hivyo walikufa zaidi: asilimia 10.6 na 10.5 katika saa 48, kutegemea aina ya maji, dhidi ya 7.3 kwa wasiofanyiwa. Hapo napo tiba iliyokuwa na mantiki yote ilikutwa na hatia na hesabu.

Na katika upande wa sukari yenyewe, wauguzi wa wodi za watoto za ukanda huu walikuwa na woga wao wa zamani. Mwaka 1983 watafiti waliofanya kazi Thailand walionyesha kwamba kwinini huchochea kongosho kutoa insulini na kuishusha sukari ya mgonjwa wa malaria kali. Mwaka 1988 Terrie Taylor, Malcolm Molyneux na wenzao walionyesha kuwa watoto wa Malawi walikuwa wanafika hospitali sukari ikiwa tayari imeshuka, hata kabla ya kwinini. Ndiyo maana muuguzi wa Morogoro au Kisumu aliyemfundisha mwanafunzi wake jambo la kwanza la kupima kwa mtoto aliyezimia alimtajia sukari, akimaanisha ile ya chini. Mwaka 2010 utafiti mkubwa wa Afrika juu ya dawa ya malaria ya artesunate, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa, ulionyesha vifo kushuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5 ikilinganishwa na kwinini, na sukari kushuka kukapungua pia. Woga wa wauguzi wale ulikuwa sahihi, na naona ingefaa walimu wa Ulaya wangewasikiliza mapema.

Mzozo wa Leuven na Sydney haukuishia kwenye majibizano. Leuven wenyewe waliamua kujipima upya. Mwaka 2011, kwa wagonjwa 4,640, walionyesha kwamba lishe ya dripu ikianza mapema huchelewesha kupona. Ni bora kungoja wiki ya kwanza ipite. Kisha wakauliza: sasa kwa kuwa hatuwamiminii tena glukosi, ile insulini ya zamani bado ina faida? Walichukua wagonjwa 9,230 katika hospitali tatu za Ubelgiji, wakatumia programu ya kompyuta kukokotoa dozi ili sukari isianguke. Majibu yalitoka mwaka 2023, Jan Gunst akiwa mwandishi wa kwanza na Van den Berghe akiwemo. Sukari kushuka mno kulikuwa nadra, asilimia 1.0 dhidi ya 0.7. Na siku za kukaa chumbani zilikuwa sawa kwa makundi yote mawili. Vifo vya siku 90 vilikuwa asilimia 10.5 kwa sukari ya chini na 10.1 kwa wale walioachwa hadi 12. Mwanasayansi aliyeipa dunia wazo hilo alishiriki mwenyewe kuonyesha mpaka wake, na kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko makala ya 2001.

Katikati ya hayo ilikuja Uviko. Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba dexamethasone, miligramu sita kwa siku, hupunguza vifo vya walio kwenye mashine ya kupumulia kwa thuluthi moja. Dawa hiyo hufanya kazi kama kotisoli, na kwa hiyo hupandisha sukari. Ghafla kila wodi iliyokuwa na oksijeni ilikuwa na wagonjwa wa sukari ya 15 na zaidi, wakiwemo wasiojua kama wana kisukari, na wauguzi wachache wa kuwapima.

Walichokubaliana wengi sasa kinaelezeka kwa ufupi. Sukari ikifika milimoli 10 kwa lita na kubaki hapo, insulini ianze. Lengo ni kuiweka kati ya karibu 8 na 10, si chini ya hapo. Aliyeishi na kisukari kisichodhibitiwa kwa miaka mingi atendewe kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mwili wake umezoea sukari ya juu na huona upungufu mapema. Damu ya ateri au ya mshipa ipendelewe kuliko ya kidole palipo na mshtuko. Na pale ambapo kuna muuguzi mmoja kwa vitanda sita, insulini ya dripu bila mtu wa kupima ni hatari kuliko sukari ya 13. Hospitali isiyoweza kupima kila saa au mbili isione aibu kutumia mpango wa taratibu zaidi.

Kwako wewe mwenye mgonjwa: ukiambiwa sukari imepanda, usikimbilie kudhani amepewa kisukari hospitalini, wala usikatae insulini kwa hofu kwamba akiianza hataiacha. Wengi huiacha mwili unapotulia. Usimpe kwa siri juisi, soda wala unga wa glukosi, na ukimkuta amelala kuliko kawaida au anatoka jasho la baridi, mwite muuguzi hapohapo apime. Uliza sukari ilikuwa ngapi siku alipolazwa, na uiandike. Akishapona na kurudi nyumbani, mpelekeni akapimwe tena baada ya miezi miwili au mitatu, pamoja na kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi hiyo. Ila mwambieni daktari kama aliongezewa damu, maana hupotosha majibu. Baadhi ya waliopandisha sukari wakiwa mahututi hukutwa na kisukari ambacho kilikuwepo siku zote bila kujulikana, na wengine hukipata miaka inayofuata. Kikijulikana mapema hutibika vizuri.